Mgomo unahesabiwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu takwimu za migomo Uingereza

Tarehe 15 Desemba 2022 wauguzi wa chama cha Royal College of Nursing waligoma England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Chama chao kina umri wa zaidi ya karne, na hawakuwahi kugoma kwa ukubwa huo. Dada mmoja wa kwetu Tanga, muuguzi huko Uingereza, alisimama nje ya hospitali yake tangu asubuhi, bango mkononi, amevaa glavu mbili mbili kwa baridi. Usiku aliniandikia: "Kaka, wewe unayefuatilia takwimu za kazi, hivi mimi leo nimehesabiwa?"

Nilimjibu kwa kirefu, akanirudishia maswali mengine. Wenzake nao wakaongeza ya kwao. Ukurasa huu umetokana na maswali hayo. Unahusu Uingereza zaidi, kwa sababu kumbukumbu zake za migomo zinaanzia karne ya 19 na hesabu zake zinafuatika kwa urahisi. Mwishoni nimerudi nyumbani, Afrika Mashariki.

Nani anahesabu migomo Uingereza?

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, inayofahamika zaidi kwa herufi ONS. Kila mwezi hutoa namba tatu: kulikuwa na migogoro mingapi iliyosimamisha kazi, wafanyakazi wangapi walihusika, na siku ngapi za kazi hazikufanyiwa kazi.

Watu wengi hudhani kuna mfumo wa kompyuta unaopokea taarifa za kila mgomo papo hapo. Hakuna. Maofisa hufuatilia vyombo vya habari na matangazo ya vyama, kisha humtafuta mwajiri na kumuuliza: walitoka wangapi, kwa muda gani, kwa sababu gani? Baadhi ya taasisi kubwa huleta taarifa zao kwa utaratibu wa kawaida. Maana yake ni kwamba mgomo mdogo usioandikwa na gazeti lolote unaweza kupita hivi hivi. Afrika Kusini wamechukua njia nyingine: sheria yao ya mahusiano ya kazi inamtaka mwajiri aweke kumbukumbu za kila mgomo na kuziwasilisha serikalini. Binafsi naiona njia hiyo kuwa bora, maana kazi ya kutoa taarifa inamwangukia yule mwenye daftari la mahudhurio.

Mgomo ni nini kwa mtu wa takwimu? Na "kufungiwa nje" ni nini?

Mwongozo unaotumika duniani ulipitishwa mwaka 1993 Geneva, katika mkutano wa wataalamu wa takwimu za kazi chini ya Shirika la Kazi Duniani. Kwa mujibu wake, mgomo ni kusimamisha kazi kwa muda, kunakofanywa na kundi la wafanyakazi, kwa lengo la kudai jambo, kupinga jambo, kueleza malalamiko, au kuwaunga mkono wafanyakazi wengine wenye madai yao.

Neno "kwa muda" lina uzito. Aliyeacha kazi moja kwa moja hajagoma, ameacha kazi. "Kundi" nalo lina uzito: mtu mmoja aliyekasirika akabaki nyumbani ni mtoro kwenye daftari, hata kama hoja yake ni ya haki kabisa.

Kufungiwa nje ni upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Hapa mwajiri ndiye anayefunga geti, au anayewazuia watu wasifanye kazi zao kama kawaida, ili wakubali masharti yake au waache madai yao. Mfanyakazi amefika na kofia yake na chakula chake cha mchana, anakuta kufuli.

Kwa nini takwimu za Uingereza zinachanganya migomo na kufungiwa nje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu rasmi ni jepesi: mara nyingi ni vigumu kujua nani alianza. Mwajiri anatangaza mshahara mpya wa chini, wafanyakazi wanasema hatuingii kwa mshahara huo, mwajiri anasema basi geti limefungwa. Nani amesimamisha kazi? Ukimuuliza kila mmoja, atamnyooshea mwenzake kidole. Kwa hiyo yote hutiwa kapu moja linaloitwa kusimama kwa kazi.

Lakini tazama kapu hilo linavyotuficha mambo. Mwaka mkubwa kuliko yote katika historia ya takwimu hizi ni 1926, siku milioni 162 zisizofanyiwa kazi, ukijumlisha siku za kila mfanyakazi. Ukiuliza watu kwa nini, watakwambia ni ule mgomo mkuu wa nchi nzima. Mgomo mkuu wenyewe ulidumu siku 9 tu mwezi Mei. Sehemu kubwa kabisa ya zile siku milioni 162 ilitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe, ambako wenye migodi walitaka kukata mshahara, na wachimbaji walipokataa, milango ikafungwa. Wachimbaji wapatao milioni moja walikaa nje kwa miezi, wengi wao hadi majira ya baridi yalipokaribia. Kwa hiyo rekodi ya "migomo" ya Uingereza, kwa sehemu kubwa, ni rekodi ya watu waliofungiwa nje. Jedwali halikuambii hivyo. Inabidi ujue mwenyewe.

Je, kila mgomo unaingia kwenye hesabu?

Hapana. Mgogoro wenye wafanyakazi chini ya 10, au uliodumu chini ya siku moja, huachwa. Isipokuwa kama jumla ya siku za kazi zisizofanyiwa kazi imefika 100 au zaidi. Hapo huingizwa hata kama watu ni wachache au muda ni mfupi.

Tuchukue kiwanda cha biskuti, cha kubuni tu. Wafungashaji 8 wanagoma siku 5. Nane mara tano ni siku 40. Hawamo. Wangeendelea hadi siku ya 13, jumla ingekuwa 104, na wangeingia. Sasa chukua kiwanda jirani chenye watu 300 waliosimamisha mashine kwa nusu siku. Nusu siku mara 300 ni siku 150. Wamo, ingawa walirudi kazini kabla ya chakula cha mchana. Wangekuwa watu 60, jumla ingekuwa siku 30, na hakuna ambaye angesikia habari zao kwenye takwimu.

Mpaka huo unaathiri sana idadi ya migomo, lakini hauathiri sana jumla ya siku, kwa kuwa migomo midogo inachangia siku chache. Ndiyo maana ukisoma kwamba "migomo imepungua", uliza kwanza: imepungua idadi, au zimepungua siku?

Na mgomo wa kisiasa?

Hauhesabiwi. Takwimu hizi ni za migogoro inayohusu masharti ya kazi: mshahara, saa, usalama, kufukuzwa, kutambuliwa kwa chama. Wafanyakazi wakitoka nje kuipinga serikali kwa jambo lisilohusu ajira yao, hawamo. Mpaka huo mara nyingine ni mwembamba sana, hasa pale serikali yenyewe inapokuwa mwajiri.

Mgomo baridi je? Kukataa kufanya saa za ziada?

Havimo vyote viwili. Mfanyakazi anayekuja kazini lakini anafanya kazi kwa mwendo wa kinyonga, au anayefuata kila kanuni neno kwa neno hadi shughuli zinakwama, hajasimamisha kazi. Madereva wa treni wakikataa saa za ziada, safari nyingi zinaweza kufutwa na abiria wakalala vituoni, lakini kwenye safu ya siku zisizofanyiwa kazi panabaki sifuri. Hii ndiyo silaha isiyoonekana kabisa kwenye majedwali, na anayetaka kupima joto la mahusiano kazini kwa takwimu za migomo peke yake anapaswa kulikumbuka hilo.

Mimi ni muuguzi, niligoma zamu ya mchana. Siku yangu inahesabiwaje?

Hili ndilo swali la dada yangu, nami nalijibu kama nilivyomjibu yeye.

Unahesabiwa wewe kama mfanyakazi aliyehusika, na muda wako usiofanyiwa kazi unabadilishwa kuwa siku za kazi kwa kuzingatia saa za kawaida. Kama wewe ni wa nusu muda, huandikiwi siku nzima kama mwenzako wa muda kamili. Kama mgomo ulichukua sehemu tu ya zamu, huandikiwa sehemu hiyo tu. Saa za ziada ambazo ungezifanya kama si mgomo hazimo.

Sasa angalia wodi yako siku ile. Mwenzako wa kitengo cha dawa za saratani alibaki ndani kwa ruhusa ya chama, kwa sababu wagonjwa wale hawawezi kusubiri. Huyo hakugoma, hahesabiwi. Mwingine alikuwa likizo Mombasa akila samaki wa kupaka. Hata kama alipiga kura ya kugoma kwa mikono miwili, kazi yake haikusimama kwa sababu ya mgomo. Aliyekuwa mgonjwa kitandani, vivyo hivyo. Mgomo ulikuwa wa mchana, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, kwa hiyo aliyepangiwa kuanza zamu baada ya hapo naye hayumo. Watu watano wa wodi moja, chama kimoja, dai moja, na ni wewe peke yako uliyeingia kwenye namba.

Aliposoma hayo alinijibu neno moja tu: "Kumbe." Nadhani alitarajia namba iwabebe wote. Namba hubeba muda wa kazi uliosimama. Nani yuko pamoja na nani, hiyo haiwezi kukuambia.

Wasiogoma lakini wakakosa kazi kwa sababu ya mgomo, wamo?

Inategemea walipo. Walio katika sehemu ile ile ya kazi wamo; walio kwingine hawamo.

Mfano mzuri ni Dagenham, mashariki mwa London, mwaka 1968. Wanawake 187 waliokuwa wakishona vifuniko vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford waligoma mwezi Juni, kwa sababu kazi yao ilipangwa kwenye daraja la wasio na ujuzi na walilipwa chini ya wanaume. Gari bila viti halitoki kiwandani. Baada ya muda uzalishaji ukasimama, na wanaume wengi wakakosa la kufanya. Kwa kanuni, wanaume hao wa kiwanda kile kile wanahesabiwa kuwa wamehusika kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Lakini fundi wa kiwanda kingine kabisa anayetengeneza taa za magari hayo, akirudishwa nyumbani kwa sababu hakuna anayenunua taa zake, hayumo. Wala abiria aliyekosa treni hayumo, wala mzazi aliyebaki nyumbani na watoto kwa sababu walimu wamegoma.

Mgomo wa Dagenham ulidumu kama wiki tatu, na miaka miwili baadaye Uingereza ilipitisha sheria ya malipo sawa. Hilo nalo halina safu kwenye jedwali.

Kama nimegoma mara mbili mwaka mmoja, nahesabiwa mara ngapi?

Kama ni migogoro miwili tofauti, mara mbili. Kwa hiyo jumla ya wafanyakazi waliohusika usiisome kama idadi ya watu tofauti.

Kwa nini wanasema "siku zilizopotea"? Zimempotea nani?

Swali zuri sana, na watu wanalipita haraka mno. Uingereza bado hutumia msemo wa siku za kazi zilizopotea. Mwongozo wa mwaka 1993 wenyewe unazungumzia muda usiofanyiwa kazi, nami nafuata huo kwa makusudi.

"Kupotea" kunampa msomaji picha kwamba kuna mali iliyokuwepo ikaibwa. Lakini kinachopimwa hapa ni muda tu. Kiwanda chenye bidhaa zilizojaa ghalani kinaweza kufunga wiki moja kisikose mauzo hata ya pauni moja. Kazi nyingine hufidiwa watu wakirudi: barua zilizokwama Ijumaa hupelekwa Jumatatu. Nyingine hazifidiwi kabisa, kama meza ya mgahawa iliyokaa tupu usiku kucha. Takwimu inaziandika zote sawasawa. Na mgomaji naye amepoteza, maana siku ya mgomo hailipwi.

Linganisha na jambo moja. Mwaka huo huo wa 2022, Uingereza ilikosa siku za kazi milioni 185.6 kwa sababu ya ugonjwa na majeraha. Migomo, katika mwaka ulioitwa wa misukosuko, ilichukua kama milioni 2.5. Ugonjwa ulichukua zaidi ya mara 70. Sisemi migomo haina gharama; muulize aliyeahirishiwa upasuaji. Nasema kwamba anayezililia siku za kazi kwa dhati anapaswa kuanza na mafua, migongo inayouma na watu waliochoka, kisha aje kwenye mabango.

Miaka ipi ilikuwa mikubwa?

Ukiuacha 1926, miaka inayotajwa zaidi ni 1979, yenye siku milioni 29.5, na 1984, yenye milioni 27.1. Katika hizo za 1984, zaidi ya milioni 22 zilitokana na mgogoro mmoja tu, wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Kisha zikashuka sana. Mwaka 2005 zilikuwa siku 157,000 kwa nchi nzima. Ndiyo maana 2022, kwa milioni 2.5 tu, ulionekana mlima: ulikuwa mwaka mkubwa kuliko yote tangu 1989. Desemba yake peke yake ilipita siku 800,000, wauguzi, wafanyakazi wa reli na wa posta wakiwa wote nje.

Nchi ndogo na kubwa zinalinganishwaje?

Kwa kiwango: siku zisizofanyiwa kazi kwa kila waajiriwa 1,000 kwa mwaka. Chukua milioni 2.5, gawanya kwa waajiriwa milioni 30 hivi, zidisha kwa 1,000. Unapata takriban siku 83 kwa kila waajiriwa 1,000. Kwa lugha ya kibarazani, ni kama kila mwajiriwa angegoma chini ya saa moja kwa mwaka mzima.

Lakini usilinganishe kabla hujasoma kanuni za kila nchi. Marekani ndiyo onyo kubwa.

Marekani kuna nini?

Idara ya takwimu za kazi ya Marekani huhesabu migomo mikubwa tu: wafanyakazi 1,000 au zaidi, kwa angalau zamu moja, kati ya Jumatatu na Ijumaa. Zamani haikuwa hivyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walihesabu mgomo wowote wa kuanzia watu 6. Bajeti ikakatwa, mpaka ukapandishwa, na maelfu ya migomo midogo ikafutika machoni pa serikali bila mgomaji hata mmoja kubadili tabia yake.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walianza kuhesabu yote, midogo kwa mikubwa. Kwa mwaka 2023 serikali iliripoti migomo mikubwa 33, yenye wafanyakazi 458,900. Cornell wakapata kusimama kwa kazi mara 470, wafanyakazi wapatao 539,000. Zitazame namba hizo mbili kwa utulivu. Kwa idadi ya migomo, serikali iliona chini ya mmoja katika kila kumi. Kwa idadi ya watu, iliona walio wengi. Kwa hiyo anayetaka kujua uzito wa jumla anaweza kuishi na takwimu za serikali. Anayetaka kujua kama wahudumu 14 wa duka la kahawa wana ujasiri wa kutoka nje, atafute kwingine.

Kwa nini kuna pengo kwenye jedwali la Uingereza mwaka 2020 na 2021?

Ukusanyaji ulisimamishwa wakati wa korona na kurejea mwanzoni mwa 2022. Pengo hilo ni ukosefu wa vipimo. Nimewahi kuona mchoro wa mtu aliyeweka sifuri pale. Huo ni uongo, hata kama hakukusudia.

Na huku kwetu?

Sheria zetu zinavijua vitu vyote viwili. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi haki ya kugoma na mwajiri haki ya kufungia nje, ikiwa taratibu zimefuatwa, usuluhishi ukiwa wa kwanza. Kenya, haki ya kugoma imo kwenye ibara ya 41 ya Katiba ya 2010.

Tatizo letu kubwa ni jinsi tunavyosimulia. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioanza Desemba 2016 na kuisha Machi 2017 unajulikana kama mgomo wa siku 100. Hizo ni siku za kalenda, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Siku za kazi ni hesabu nyingine, na inahitaji kujua kila siku madaktari wangapi walikuwa nje.

Tujaribu na mgomo wa Mombasa wa 1947. Ulianza Jumatatu, tarehe 13 Januari, ukadumu kama siku 12. Waliotoka walikuwa takriban 15,000: makuli wa bandarini, watu wa reli, wafanyakazi wa hoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Walikutana Kiwanja cha Maskini kusikiliza viongozi wao. Ukizidisha 15,000 kwa 12 unapata siku 180,000. Lakini ndani ya siku hizo 12 imo Jumapili moja, tarehe 19. Itoe, unabaki na siku 11, jumla 165,000. Kisha jiulize nani kati yao alifanya kazi Jumapili. Kuli wa kutwa hakuwa na zamu ya kudumu. Meli ikiwepo anafanya, isipokuwepo hafanyi. Mpishi wa nyumbani, kwa upande wake, hakuwa na Jumapili. Bwana na bibi walikula siku zote saba. Ukimtolea mpishi siku ya mapumziko ambayo hakuwahi kupewa, umempunguzia mgomo wake.

Kwa hiyo mimi huandika hivi: watu 15,000, kati ya siku 165,000 na 180,000, na chini yake mstari mmoja unaoeleza Jumapili ilihesabiwaje na kwa nani.